Mashine ya Hasara, Mechi ya Shilingi 20

Kila mwaka mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, ukikaribia kuisha, simu yangu huanza kulia. Mwaka 2025 wa kwanza kupiga alikuwa mpwa wangu wa mtaa wa Manyatta, hapa Kisumu. "Anko, tununue PS5 saa hii ama tungoje Black Friday?" PS5 ni PlayStation 5, mashine ya Sony ya kuchezea gemu kwenye televisheni, na Black Friday ni ile Ijumaa ya punguzo mwishoni mwa Novemba. Mama yake alikuwa amepokea pesa za zamu yake kwenye chama, na kijana alikuwa ameahidiwa kitu kizuri akimaliza Form Four. Nilimwambia anipe siku mbili. Nilidhani ni swali la jibu moja, lakini lilikuwa kama muhogo: ukiuvuta, unakuja na mizizi yake yote. Ili nimjibu vizuri ilibidi nimweleze kwa nini mashine hizi huzinduliwa Novemba, kwa nini kampuni tajiri hukubali kuziuza kwa hasara, kwa nini mashine iliyotoka 2020 ilikuwa ghali zaidi mwaka 2025 kuliko siku ya kwanza, na kwa nini hapa Kisumu ushindani wa Sony (PlayStation), Microsoft (Xbox) na Nintendo tunauona kama mechi yenye timu moja tu uwanjani.

Nianzie Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, maana huko ndiko wengi wetu tulikojulia gemu. Kibanda ninachokifahamu zaidi kiko hatua chache kutoka barabarani, mabati pande tatu, na pazia zito mlangoni ili jua lisigonge kioo cha televisheni. Ndani mna televisheni mbili na PS4 mbili zilizofungiwa kwenye visanduku vya chuma vyenye matundu ya kupitisha hewa. Padi zimetumika hadi vile vifimbo vya kukimbiza wachezaji vimevishwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kwa sababu raba yake ya kwanza ilikwisha kitambo. Mwenye kibanda ni mama wa makamo ambaye vijana wote wanamwita Mathe. Hushinda na daftari la hesabu mapajani. Mechi ni shilingi 20 na aliyefungwa ndiye anayelipa; sare huenda penalti. Stima ikipotea, Mathe anaandika matokeo na dakika, na ikirudi wanacheza dakika zilizobaki bila kulipa upya. Sijawahi kuona ugomvi ukiwashinda wale watoto na lile daftari.

Nimelieleza daftari hilo kwa sababu ndilo linaloonyesha tofauti kubwa kati ya biashara ya kwetu na biashara ya wenye mashine. Mathe anapata pesa kila mashine inapochezwa. Sony, Microsoft na Nintendo wanapata pesa kila gemu inaponunuliwa. Kutokana na tofauti hiyo moja, karibu mambo yote mengine yanajieleza.

Mtu wa kawaida huona PS5 dukani akadhani faida imo ndani ya lile boksi. Kwa kawaida haimo, hasa miaka ya mwanzo. PS3 ilipotoka Novemba 2006, iliuzwa Marekani kwa dola 499 na dola 599, na watu wakalia kwamba ni ghali mno. Kampuni ya uchambuzi iitwayo iSuppli iliifungua ile ya dola 599, ikahesabu vipuri vyake kimoja kimoja, ikakadiria kwamba kuitengeneza kunagharimu takriban dola 840. Yaani mnunuzi alilalamika kuhusu bei, na huku muuzaji naye anapoteza zaidi ya dola 200 kwa kila boksi linalotoka. Mwaka 2021, mahakamani katika kesi ya kampuni ya gemu ya Epic dhidi ya Apple, afisa wa Microsoft aliulizwa ni faida kiasi gani wanapata kwa kuuza Xbox zenyewe. Alijibu kwamba hawajawahi kupata faida kwenye mashine. Mwaka huohuo Sony ilitangaza kwamba PS5 ya dola 499 ndiyo kwanza imeacha kuuzwa kwa hasara, miezi kadhaa baada ya kuzinduliwa.

Hasara hiyo hurudishwa na gemu. Anayetengeneza gemu ya PlayStation au Xbox hulipa ada kwa mwenye mashine, na kwenye maduka yao ya mtandaoni fungu linalojulikana ni asilimia 30. Chukua hesabu ya mfano: kampuni ipoteze dola 100 kwa kila mashine. Gemu mpya ya dola 70 ikinunuliwa kwenye duka lao, wanabaki na dola 21. Gemu tano zinarudisha dola 105, na kutoka hapo ni faida, pamoja na malipo ya kila mwezi ya kuchezea mtandaoni, pamoja na padi ya pili, pamoja na vile vitu vidogo vinavyouzwa ndani ya gemu zenyewe. Kwa hivyo anayekuuzia mashine Desemba anakutafuta uwe mteja wake wa miaka sita au saba. Mashine ni chambo, na wavuvi wa Dunga wanajua kwamba hakuna anayepata faida kwa kuuza chambo.

Ukiielewa hiyo, msimu wa sikukuu unaeleweka mara moja. Huko Marekani na Ulaya zawadi kubwa ya mtoto hununuliwa kati ya Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani, ile Black Friday, na mkesha wa Krismasi. Anayekosa rafu ya duka wiki hizo chache amepoteza mteja kwa miaka. Ndiyo maana kalenda imejaa Novemba: Xbox ya kwanza ilitoka Marekani tarehe 15 Novemba 2001, na GameCube ya Nintendo siku tatu baadaye. Xbox 360 ikatoka 22 Novemba 2005. PS3 na Wii ya Nintendo zikapishana kwa siku mbili, tarehe 17 na 19 Novemba 2006. PS4 ikatoka 15 Novemba 2013, Xbox One wiki moja baadaye. Mwaka 2020, pamoja na korona yote, Xbox mpya zilitoka 10 Novemba na PS5 ikafuata tarehe 12.

Nambari za Sony zenyewe zinaonyesha uzito wa msimu huo. Katika mwaka wao wa fedha ulioisha Machi 2025, walisafirisha PS5 milioni 18.5. Kati ya hizo, milioni 9.5 zilitoka kwenye miezi mitatu tu, Oktoba hadi Desemba. Zaidi ya nusu ya mwaka mzima iko kwenye robo moja. Mkulima wa miwa akivuna nusu ya shamba kwa wiki chache, nawe unajua wiki hizo halali.

Hapo nimetumia neno "walisafirisha" kwa makusudi, kwa sababu ndani ya neno hilo kuna mtego unaowanasa hata waandishi wa habari. Kampuni inaposema imetoa mashine milioni fulani, mara nyingi maana yake ni mashine zilizoondoka ghalani kwenda kwa maduka. Zilizofika nyumbani kwa watu ni hesabu nyingine. Duka likijaza ghala lake Novemba na mauzo yakalala, nambari ya Desemba itakuwa nzuri na ya Machi itakuwa mbaya. Microsoft ndiyo ngumu zaidi kuihesabu: tangu 2015 haitangazi tena idadi ya Xbox inazouza. Kwa hiyo ukiona mtandaoni mtu anakuambia kwa uhakika kamili Xbox ngapi zimeuzwa Krismasi hii, jua ni makadirio ya watu wa nje.

Ushindani wenyewe una historia ndefu, lakini kuna visa vitatu ninavyoona vinafundisha kuliko vingine.

Cha kwanza ni cha kuvunjiana ahadi. Mwanzoni Sony haikuwa mpinzani wa Nintendo, ilikuwa mshirika. Walikuwa wanatengeneza pamoja mashine ya Nintendo inayotumia sidii. Juni 1991, kwenye maonyesho ya Chicago, Sony ikatangaza mradi huo hadharani. Siku iliyofuata Nintendo ikatangaza kwamba inafanya kazi na Philips. Fikiria aibu hiyo mbele ya dunia nzima. Mhandisi Ken Kutaragi akashikilia kwamba Sony itengeneze ya kwake, na Desemba 1994 PlayStation ikatoka Japani. Mei 1995, huko Los Angeles, Sega, kampuni nyingine ya mashine za gemu, ilisimama jukwaani ikasema mashine yake ya Saturn, iliyotarajiwa Septemba, inaanza kuuzwa siku hiyohiyo kwa dola 399. Afisa wa Sony, Steve Race, akapanda jukwaani baadaye, akatamka nambari moja tu, "299", akashuka. Haraka ya Sega iliwaudhi maduka yaliyoachwa nje ya mpango, na mashine ikawa dukani ikiwa na gemu chache. Kabla ya Krismasi kufika, Sega ilibidi ishushe Saturn hadi dola 299 hizohizo. Sega ilijaribu tena na Dreamcast, kisha mwanzoni mwa 2001 ikaacha kabisa kutengeneza mashine.

Cha pili ni cha Wii. Mwaka 2006 Sony na Microsoft walikuwa wanashindana nani ana picha kali zaidi. Nintendo ikaja na mashine dhaifu ya dola 249, padi yake inashikwa kama rimoti na unaipunga hewani kama raketi. Wachezaji wa siku zote waliidharau. Lakini babu na bibi waliielewa ndani ya dakika moja, na iliadimika madukani kwa muda mrefu. Iliuza zaidi ya milioni 101. Mwaka 2012 waliifuatishia Wii U, ambayo wengi hawakuelewa kama ni mashine mpya au kifaa cha kuongezea kwenye ile ya zamani. Ikaishia takriban milioni 13.5. Kampuni ileile, na watu walewale walioshangiliwa juzi. Mimi huwa nalitaja hili kwa vijana wanaozungumza kana kwamba Sony imeshinda milele.

Cha tatu ndicho kinachonigusa, kwa sababu bila kujua, kilihusu Kondele. Mwanzoni mwa Juni 2013 Microsoft ilieleza kwamba Xbox One itahitaji kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kumpa mwenzako gemu uliyonunua kutakuwa na masharti. Siku chache baadaye Sony ilitoa video ya sekunde chache yenye maelekezo ya jinsi ya kumwazima mtu gemu ya PS4. Jamaa mmoja anamkabidhi mwenzake sidii. Basi, imeisha. Juu ya hayo PS4 ilikuwa dola 399 na Xbox One dola 499. Microsoft ilifuta masharti hayo mwezi huohuo wa Juni, kabla mashine haijatoka, lakini jina lilikuwa limeshachafuka.

Sasa chukua sharti hilo la intaneti kila siku, ulilete kwenye kibanda cha mabati Kisumu mwaka 2013, siku za bando ghali. Lisingewezekana. Sharti la kuazimana nalo lingeua kitu ambacho huku ni uti wa mgongo: sidii moja ya kandanda ikizunguka kutoka Kondele hadi Nyalenda hadi kwa binamu aliye Maseno, ikibadilishwa kwa nyingine, ikiuzwa nusu bei, hadi inakwaruzika isisomeke. Hakuna aliyekaa kwenye mkutano huko Marekani akafikiria sisi. Lakini uamuzi ule ulikuwa kama umeandikwa ili ututoe nje, na vijana wa hapa waliunusa mapema.

Kumbe ushindi wa PlayStation kwetu ulikuwa umeanza kabla ya hapo. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, na Sony inasema iliuzwa zaidi ya milioni 160, hakuna iliyowahi kuifikia. Ilianza dola 299 huko Marekani, ikashuka hadi 199 mwaka 2002, hadi 149 mwaka 2004, hadi 99 mwaka 2009. Ilicheza DVD pia, hivyo kwa familia nyingi ilikuwa vifaa viwili kwa bei ya kimoja. Kwetu ilifika kwa njia zake, nyingi zikiwa zimetumika tayari na zimewekwa chipu ili zisome sidii za kunakiliwa. Sisifu wizi wa kazi za watu, lakini nikieleza kwa nini PS iko kila mtaa kutoka Kaptembwa huko Nakuru hadi Amalemba, Kakamega, nikiruka jambo hilo nitakuwa nimeficha nusu ya ukweli. Fundi wa redio akajifunza kufungua PS2. Aliyemfuata akajifunza kwake. Vipuri vikajaa vibandani. PS3 ilipokuja, kisha PS4, mafundi walikuwa tayari, wateja walikuwa wameshazoea padi ile, na kandanda ilikuwa ileile. Ukimletea Mathe Xbox leo, itacheza vizuri tu. Ila padi yake ikifa Jumamosi jioni, atampata fundi gani? Na kijana atakayeshuka kwenye boda na sidii yake mkononi, itakuwa ya Xbox?

Huo ndio ushindani wa kweli ulivyo kwetu: mashine ya rafiki yako ndiyo mashine yako. Na Microsoft yenyewe imekiri jambo linalofanana na hilo. Mwaka 2023 mkuu wa Xbox, Phil Spencer, alieleza kwamba kizazi cha Xbox One ndicho kilikuwa kibaya zaidi kushindwa, kwa sababu ndicho ambacho watu walianza kujijengea maktaba ya gemu za kupakua. Ukishanunua gemu 40 kwenye akaunti ya PlayStation, huwezi kuhama nazo kwenda Xbox. Zamani kila kizazi kipya kilikuwa kama uchaguzi mpya, wagombea wote wanaanza sawa. Sasa kura za mwaka 2013 bado zinahesabiwa. Microsoft ikajaribu njia ya pesa. Oktoba 2023 ilikamilisha kuinunua Activision Blizzard, kampuni kubwa ya kutengeneza gemu, mpango uliotangazwa kwa dola bilioni 68.7. Hata hivyo mwaka 2025 Forza Horizon 5 na Gears of War, gemu zilizokuwa sababu ya mtu kununua Xbox, zimeuzwa kwenye PS5. Naona hapo Microsoft imeamua kwamba kuuza gemu kila mahali kuna faida kuliko kumlazimisha mtu anunue boksi lake.

Na Nintendo? Hao huendesha mashua yao peke yao. Switch ilitoka Machi 2017, mwezi ambao hakuna Krismasi, na imepita milioni 150. Switch 2 ikatoka 5 Juni 2025 kwa dola 449.99, ikauza milioni 3.5 kwa siku nne. Ni mafanikio makubwa, ila Kisumu nimeziona chache sana, na zote mikononi mwa watu waliotoka ng'ambo.

Turudi kwa mpwa wangu na swali la bei, kwa sababu hapo ndipo mambo yamegeuka. Kanuni ya zamani ilikuwa rahisi: ngoja. PS2 ilipotimiza mwaka wa nne ilikuwa imeshuka kwa nusu. Sababu ni kwamba chipu ileile iliweza kutengenezwa ndogo zaidi kila baada ya miaka michache. Bamba moja la silikoni likatoa chipu nyingi zaidi, gharama ikapungua, kampuni ikashusha bei ili kuvuta wateja wa kipato cha chini. Siku hizi viwanda vinavyoweza kutengeneza chipu ndogo zaidi ni vichache na vinatoza ghali, kiasi kwamba kuifanya ndogo hakuifanyi nafuu kama zamani. Ongeza mfumuko wa bei, ongeza ushuru mpya wa Marekani wa 2025 kwa bidhaa kutoka nje, ongeza bei ya chipu za kumbukumbu za kompyuta iliyopanda mwishoni mwa mwaka huo kwa sababu vituo vya akili bandia vinazigombania. Matokeo yake ni kinyume cha kila tulichozoea. PS5 ya diski iliyoanza dola 499 ilifika dola 549.99 Agosti 2025. Xbox Series X iliyoanza dola 499 ilipanda hadi 599.99 mwezi Mei, kisha 649.99 Oktoba, wiki chache kabla ya msimu wa zawadi. Nilipomweleza mpwa wangu alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa hivyo Anko, ukingoja unapoteza?" Kwa mara ya kwanza tangu nianze kufuatilia mashine hizi, nilishindwa kumwambia hapana.

Naamini pia kuna sababu ya ushindani. Mwaka 1995 dola 100 ziliiua Saturn. Sony ingepandisha bei wakati huo, Sega na Nintendo wangekula sahani yake. Mshindani mkubwa anapopandisha bei kuliko wewe, na yule wa tatu anawinda wateja wengine kabisa, nani atakushurutisha ushushe?

Kisha kuna shilingi. Mashine hizi tunazinunua kwa dola hata tukilipa kwa M-Pesa. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi hadi takriban 129. Piga hesabu ya dola 499: kwa shilingi 160 ni karibu 80,000, kwa 129 ni kama 64,000. Tofauti ya shilingi elfu kumi na tano na zaidi, na Sony haijagusa chochote. Hapo bado nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 juu yake. Kwa hiyo mwaka ule ambao Wamarekani walifurahia punguzo la Novemba, sisi tulikuwa tunatazama zaidi ubao wa benki kuliko tangazo la duka.

Black Friday ya huku nayo ina mambo yake. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa Oktoba, niliingia duka moja mjini Kisumu nikaandika kwenye simu bei ya PS5 waliyokuwa nayo: 72,000. Wiki ya mwisho ya Novemba nikarudi. Kulikuwa na karatasi nyekundu: bei ya zamani 85,000 imekatwa kwa mstari, sasa 74,999. Nilimwonyesha kijana wa kaunta picha niliyopiga Oktoba. Alitazama chini akasema, kwa upole, "Boss, mimi nimeajiriwa tu." Sikumlaumu. Lakini watu wawili walikuwa kwenye foleni nyuma yangu na pesa mkononi, na iliniuma kuona furaha yao. Tangu siku hiyo namwambia kila anayeniuliza: piga picha ya bei Septemba. Punguzo la kweli hupimwa na picha ya zamani, siyo na mstari mwekundu.

Punguzo ambalo huku hutufikia kweli ni lile la gemu za kupakua, mwisho wa Desemba hadi Januari, ila nalo lina mlango mwembamba. Wengi hapa hufungua akaunti zao kama watu wa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, kisha wananunua kadi za zawadi za nchi hiyo. Ukichanganya kadi ya nchi moja na akaunti ya nyingine, haiingii. Na gemu ya gigabaiti 80 kwa bando ni gharama ya pili ambayo haikuandikwa kwenye tangazo. Hii ndiyo sababu namsihi kila mzazi wa huku achunguze jambo moja kabla ya yote: je, mashine ina mdomo wa diski? Zile zisizo na mdomo huuzwa rahisi, PS5 ya namna hiyo ilianza dola 399 dhidi ya 499, na ukiwa London yenye intaneti ya kasi unaweza kuona umeokoa dola 100. Ukiwa Manyatta umejifungia nje ya soko lote la sidii za mkono wa pili, na kila gemu utakayocheza kwenye mashine hiyo utainunua kutoka duka moja, isipokuwa iwe ya toleo jipya linalokubali mdomo wa diski wa kununua kando. Ile nafuu ya dola 100 wanaijua vizuri wanaitoa kwa nini.

Mathe anayajua haya bila kusoma mahali popote. Desemba ndiyo msimu wake pia, ila kwa sababu nyingine: shule zimefungwa, watu wa Nairobi wamekuja ushago, na kibanda kinajaa tangu saa tatu asubuhi. Vijana wanaorudi na PS5 majumbani mwao wanamnyima wateja wachache kwa wiki ya kwanza, kisha wanarudi, maana kumfunga ndugu yako mdogo sebuleni hakuna utamu wa kumfunga jirani mbele ya watu kumi na watano. Nilimuuliza kwa nini hanunui PS5. Akanifungulia daftari. Mashine moja, alama za mechi kama 60 siku nzuri ya likizo; siku ya stima mbaya hazifiki 20. "PS5 haiongezi shilingi kwa mechi," akasema. "Watalipa ishirini ileile." Na gemu anayoihitaji, mwaka 2025 bado ilitengenezwa kwa mashine aliyo nayo: FC 26, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA hadi mkataba wa jina ulipokwisha 2023, ilitoka kwa PS4 pia. Kandanda huchelewa sana kuaga mashine kuukuu. PS2 iliyotoka mwaka 2000 ilipata FIFA hadi FIFA 14. PS3 ilipata hadi FIFA 19. Mwaka ambao PS4 itaachwa, hapo ndipo Mathe atalazimika, na siyo siku moja kabla.

Kwa Sony, mteja kama yeye ni kitendawili. Mashine mbili alizozinunua mkono wa pili, sidii chache, na watoto arobaini wanaocheza bila kuwalipa hata senti. Kwenye hesabu za Tokyo haonekani. Lakini kila mmoja wa wale arobaini, akipata kazi siku moja na akaingia dukani na mshahara wake, mkono wake utaenda kwenye padi aliyoizoea kwa Mathe.

Mpwa wangu hakununua Novemba. Alipata PS4 iliyotumika, ex-UK (iliyotoka Uingereza), padi mbili na FC 25 ndani, akabaki na chenji iliyolipa ada ya mafunzo ya udereva. Wiki ya Krismasi alinipigia tena kuniambia amemfunga shemeji yake mabao manne. Alikuwa Kondele, kwa Mathe. Mashine yake ilikuwa nyumbani.